Mara ya Tatu Haikutua: Kisa cha Droni ya X-47B Baharini

Tarehe 10 Julai 2013, nje ya pwani ya Virginia, droni ya X-47B yenye jina la mwito Salty Dog 502 ilikuwa imeshatua mara mbili kwenye manowari ya kubebea ndege USS George H. W. Bush. Ilinasa waya mara zote mbili, picha zikapigwa, wakubwa wakapongezana. Ray Mabus, aliyekuwa Waziri wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, na Admirali Jonathan Greenert, mkuu wa operesheni za jeshi hilo, walikwenda melini siku hiyo kushuhudia. Kisha ikaja zamu ya tatu. Ikiwa njiani kuikaribia meli, droni ikatambua yenyewe kwamba moja ya kompyuta zake tatu za urambazaji haikuwa sawa, ikatoa taarifa, na badala ya kuja sitahani ikaishia nchi kavu, katika uwanja wa Wallops Island, ambako ilitua salama.

Vyombo vya habari vilishikilia zile mara mbili za mwanzo, na vilikuwa na haki. Kabla ya siku hiyo hakuna ndege isiyo na rubani iliyowahi kunasa waya juu ya manowari iliyo baharini. Lakini ukiniuliza ni lipi kati ya matukio ya siku ile lina mengi ya kuchambuliwa, nitakutajia lile ambalo halikutimia. Kutua ni mahesabu, na kompyuta inayaweza mahesabu. Kukataa kutua kunahitaji mtu au kitu kiseme "nimeharibika, sifai kuja hapo", na huko ndiko swali zima la droni zinazojiendesha linakoanza kuwa gumu.

Uwanja unaotembea

Tuanze na mahali penyewe, kwa sababu bila kupaelewa huwezi kuelewa kwa nini hitilafu ya kompyuta moja ilitosha kuifukuza ndege iliyokwisha kutua mara mbili siku hiyohiyo.

George H. W. Bush ina urefu wa mita 333 hivi, ila rubani anayerejea hapewi urefu wote huo. Njia ya kutulia imekatwa kimshazari kuelekea upande wa kushoto, na ndani yake kuna kipande kifupi kilichotandazwa nyaya nene za chuma zilizokingama. Ndege huja ikiwa imeshusha ndoano mkiani. Ndoano ikinasa waya mmojawapo, mitambo iliyo chini ya sitaha huushika waya ule na kuula mwendo wa ndege mpaka isimame. Katika kutua kwake kwa mara ya kwanza, Salty Dog 502 ilinasa waya wa tatu na kutoka kasi ya kilomita 268 kwa saa hadi sifuri ndani ya mita zisizozidi 107.

Wakati hayo yanafanyika, uwanja wenyewe unasafiri. Meli inakwenda mbele, tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, inainuka na kuzama, sitaha inalala kushoto na kulia. Na kwa kuwa njia ya kutulia imekaa kimshazari, mahali pa kugusia panahama daima kuelekea mkono wa kulia wa anayekuja, kwa hiyo mwenye kulenga lazima alisahihishe lengo lake mpaka sekunde ya mwisho.

Upepo nao una vituko vyake. Jengo la uongozi lililosimama upande wa kulia wa sitaha huuvuruga, na hewa inayomwagika nyuma ya tezi huibonyeza ndege chini mahali ambapo rubani hataki hata kidogo kubonyezwa. Rubani mwenye saa nyingi analijua eneo hilo na huongeza nguvu ya injini kabla hajaingia. X-47B iliingia humo ikiwa na umbo ambalo lingemtia shaka mhandisi yeyote wa zamani: mabawa ya mita 18.9 kutoka ncha hadi ncha, urefu wa mita 11.6 tu, na haina mkia wa wima hata mmoja. Mkia uliondolewa ili rada isiione kwa urahisi. Gharama yake ni kwamba kazi yote ya kuizuia ndege isiyumbe imeachiwa kompyuta na viungo vidogo vya mabawani vinavyochezacheza bila kukoma. Huyo ni mnyama wa tani 20 akiwa amebeba mzigo wake wote.

Droni iliijuaje meli ilipo? Jibu ni moja ya sehemu nzuri zaidi za mradi huu. Meli na droni zote zilisikiliza setilaiti zilezile za kutambulisha mahali, kisha meli ikawa inairushia droni kwa redio taarifa za mahali ilipo na jinsi inavyosukasuka. Setilaiti zikikosea kidogo, huwakosea wote wawili kwa kiasi kilekile, kwa hiyo umbali baina yao hubaki sahihi hata kama mahali pa kila mmoja katika ramani ya dunia si sahihi kabisa. Droni haikuhitaji kujua iko wapi duniani. Ilihitaji kujua waya uko wapi kutoka ilipo.

Wanadamu hawakuondolewa. Katika chumba ndani ya meli alikaa mwendeshaji, ambaye hakuwa na usukani wala fimbo ya kuongozea. Alibonyeza amri kwa kipanya na kibodi, na ndege ikajua yenyewe jinsi ya kuzitekeleza. Kwenye jukwaa la kushoto karibu na tezi walisimama maofisa wa kuongoza utuaji, kama wanavyosimama kwa ndege nyingine zote, wakiwa na uwezo wa kuizuia ndege isitue. Tofauti ni kwamba rubani huwasikia kwa sauti na kuona taa zao, ilhali X-47B ilipokea kauli yao kama ujumbe wa kidijitali.

Si utuaji wa kwanza bila mkono wa mtu

Hapa inabidi kuwa makini, maana watu wengi huamini kwamba ajabu ya 2013 ni ndege kutua melini bila mtu kuishika. Jambo hilo lilikuwa na umri wa zaidi ya nusu karne. Mnamo Agosti 1957, ndege ya F3D Skyknight ilitua kwenye manowari ya USS Antietam ikiongozwa na mtambo uliotumia rada ya meli, huku rubani akiwa amekaa tu bila kushika chochote. Mitambo ya aina hiyo iliendelea kuboreshwa na kutumiwa kwa miongo mingi baadaye.

Jipya la X-47B lilikuwa kiti kitupu. Rubani wa Skyknight hakuendesha, lakini alikuwa hakimu. Angehisi mtetemo usio wa kawaida, angeona mshale wa geji umekwenda kusikoeleweka, angeitoa ndege mikononi mwa mtambo na kupaa. Ukimwondoa mtu huyo hujaondoa mikono, kwa sababu mikono ilikuwa imeshapumzishwa tangu 1957. Umeondoa shaka. Sasa ni lazima uijenge shaka hiyo kwa programu: ndege iweze kujitilia shaka yenyewe, kwa wakati, na isijitilie shaka kupita kiasi hadi ikawa haitui kamwe.

Ndiyo maana zilikuwepo kompyuta tatu. Ukiwa na moja, ikikosea hujui. Ukiwa na mbili na zikapingana, unajua kwamba kuna mwongo lakini humjui ni yupi. Tatu ndizo zinazokuwezesha kupiga kura: wawili wakikubaliana, wa tatu anawekwa kando. Huu ni utaratibu wa kawaida katika mitambo ambayo kuharibika kwake kunaua.

Sasa fikiria hali ilivyokuwa katika zamu ya tatu. Kompyuta moja imewekwa kando, zimebaki mbili zinazokubaliana. Ndege inaruka vizuri, inajua ilipo, inatii amri. Mtu anayetazama kutoka nje angeuliza: kuna ubaya gani, si itue tu? Ubaya ni kwamba hitilafu inayofuata haina wa kuisuluhisha. Zile mbili zikipingana mita chache kabla ya tezi, ndege ya tani kadhaa inayokwenda kasi ya kilomita 268 kwa saa haitakuwa na njia ya kujua ni nani anasema kweli, na mbele yake wapo watu waliosimama sitahani, ndege nyingine zenye mafuta, na meli yenye mabaharia maelfu. Nchi kavu, kwenye barabara ndefu iliyonyooka isiyoyumba, makosa ya mita kumi ni kitu cha kuandikwa kwenye ripoti. Melini, mita kumi ni msiba.

Kwa hiyo X-47B haikukataa kutua kwa sababu haikuweza. Ilielekezwa kwingine kwa sababu ilikuwa imepoteza akiba yake ya uhakika. Naona watoa habari wengi waliandika "ilishindwa", na neno hilo halikuitendea haki.

Nani aliamua?

Hili ndilo swali ambalo kisa hiki kinafaa kuulizwa na kila anayesema au kuogopa kwamba "mashine zinajiamulia". Tuzipange hatua. Droni iligundua hitilafu. Hakuna mtu aliyeigundua kabla yake. Droni ikawajulisha wanaoiongoza. Utaratibu wa majaribio ulikuwa umeshaandika kwamba hitilafu ya aina ile inaipeleka ndege kwenye uwanja wa akiba uliopangwa, na uwanja huo ulikuwa Wallops. Ikaenda.

Ukimwuliza mhandisi atasema mfumo ulifanya kazi kama ulivyobuniwa. Ukimwuliza mwandishi wa habari atasema roboti liliamua. Mimi nasema uamuzi ule ulifanywa mapema zaidi, na watu waliokaa mezani na orodha ya hitilafu zinazowezekana, wakajaza mbele ya kila moja nini kifanyike. Siku ya tarehe 10 ulitekelezwa tu. Droni ilikuwa na uhuru mkubwa katika namna ya kuruka na uhuru mdogo sana katika kuchagua la kufanya, na watu wakichanganya mambo hayo mawili mazungumzo yote huharibika.

Tofauti hiyo ilikuwa hai wakati uleule. Mnamo Novemba 2012 Pentagon ilitoa agizo nambari 3000.09 kuhusu silaha zenye uwezo wa kujiendesha, likidai kwamba makamanda na waendeshaji wabaki na kiwango kinachofaa cha maamuzi ya kibinadamu katika matumizi ya nguvu. X-47B ilikuwa na vyumba viwili vya silaha tumboni, vyenye uwezo wa kubeba kilo 2,000 hivi, lakini mradi wake haukuwa wa silaha na vyumba hivyo havikuwa sehemu ya majaribio. Hofu ya umma ilihusu jambo ambalo ndege hii haikujaribiwa kulifanya. Ilichojaribiwa ni kazi ya ubaharia: kuja, kushika waya, kukunja mabawa, kupisha njia.

Jinsi ilivyofika hapo

Mradi ulizaliwa yatima. Jeshi la Anga na Jeshi la Wanamaji walikuwa na mpango wa pamoja wa droni za kivita, ukavunjika mwaka 2006, Jeshi la Anga likaenda zake. Wanamaji wakabaki na swali lao peke yao, la sitaha, na Agosti 2007 kampuni ya Northrop Grumman ikapewa mkataba wa dola milioni 635.8 kutengeneza ndege mbili za maonyesho. Ya kwanza iliruka tarehe 4 Februari 2011 katika kambi ya Edwards, California, kwa dakika 29.

Kuna uamuzi mmoja wa miaka hiyo ambao naupenda kuliko yote. Kabla ya kuipeleka droni yenyewe baharini, programu zake ziliwekwa ndani ya ndege ya kawaida ya F/A-18, rubani akakaa ndani kama mlinzi, na Julai 2011 ndege hiyo ikatua kwenye USS Dwight D. Eisenhower bila yeye kugusa usukani. Maana yake ubongo ulitahiniwa kabla ya mwili. Kama programu ingekosea, mtu alikuwepo wa kuikatiza. Miradi mingi ya mitambo inayojiendesha, ya angani na ya barabarani, ingepunguza aibu zake kwa kuiga mpangilio huo.

Novemba 2012 droni moja ilipandishwa kwa winchi kwenye USS Harry S. Truman ili ijifunze kutembea. Nasema kutembea kwa makusudi. Sitaha yenye ndege imebanana kupita maelezo, na ndege huongozwa na mabaharia wenye fulana za manjano kwa ishara za mikono. Droni haina macho ya kuzisoma ishara hizo. Ufumbuzi uliopatikana haukuwa na madoido: mwendeshaji wa sitahani alivaa kifaa mkononi, akasimama mahali pa kumwona mwenye fulana ya manjano, akaigeuza kila ishara kuwa amri. Katika ndege yenye kiwango kile cha akili, kazi ya kuisogeza hatua ishirini pembeni ilibaki ya mtu. Wale waliotabiri sitaha zisizo na watu walipaswa kutazama hapo kwanza.

Tarehe 14 Mei 2013 ilirushwa kwa manati ya mvuke kutoka George H. W. Bush, ikaruka zaidi ya saa moja hadi Patuxent River, Maryland. Siku tatu baadaye ikafanya majaribio ya kugusa sitaha na kupaa tena bila kusimama. Julai ikaja siku tuliyokwisha kuieleza.

Na haikuishia hapo. Tarehe 15 Julai ndege pacha, Salty Dog 501, ilitumwa kujaribu tena, ikarudishwa njiani kwa tatizo la kiufundi kabla haijaifikia meli. Jeshi likasema malengo yamefikiwa. Mtu mwenye ulimi mkali angeweza kusema kwamba matokeo ya Julai yalikuwa mara mbili kutua na mara mbili kutofika. Sioni haja ya ukali huo, ila ni vizuri hesabu ikae wazi, kwa sababu mara zote mbili za kutofika hakuna kilichovunjika wala aliyeumia, na hiyo nayo ni takwimu.

Wazo la awali lilikuwa kuzipeleka ndege hizo makumbusho. Badala yake zikaendelea. Novemba 2013 zilipelekwa USS Theodore Roosevelt kukutana na pepo kali zaidi. Agosti 2014, kwenye meli hiyohiyo, X-47B iliruka na kutua kwa zamu pamoja na F/A-18 yenye rubani. Kipimo kilikuwa cha kikazi kabisa: ikishatua, ikunje mabawa na kuondoka njiani ndani ya sekunde 90 ili anayefuata asikatishwe. Ikaweza. Kwangu mimi siku hiyo ina uzito kuliko ile ya Mabus na kamera, kwa kuwa meli haikusimamisha shughuli zake kwa heshima ya mgeni. Kisha tarehe 22 Aprili 2015 ikapokea mafuta angani kutoka ndege ya kukodi ya kampuni ya Omega, zaidi ya kilo 1,800, bila mtu kuishika. Huo ndio ulikuwa mwisho wake mzuri.

Kwa nini ushindi haukuiokoa

Wahenga wanasema kutangulia si kufika. X-47B ilijibu swali "je, inawezekana?" kwa ufasaha. Swali lililoiua lilikuwa jingine: "ya kazi gani?"

Mradi uliotakiwa kufuata uliitwa UCLASS. Kambi moja ilitaka droni ya upelelezi, inayokaa angani muda mrefu kuzunguka meli, bei nafuu, ikifanya kazi mahali ambapo adui hana makombora ya maana. Kambi nyingine ilitaka mshambuliaji: umbo lisiloonekana kwa rada, mabomu tumboni, uwezo wa kujazwa mafuta angani na kupenya mbali. Kambi ya pili ilikuwa na ramani upande wake. China ilikuwa na kombora la DF-21D la kupiga meli, lenye masafa yanayozidi kilomita 1,500, ilhali ndege za Super Hornet zilizokuwa uti wa mgongo wa manowari haziwezi kwenda kushambulia na kurudi umbali huo bila kuongezewa mafuta. Meli ikikaa mbali kwa usalama, ndege zake hazifiki. Ikisogea ili zifike, yenyewe inaingia ndani ya duara la kombora. Seneta John McCain, akiwa mwenyekiti wa kamati ya majeshi ya Seneti, aliandika mwaka 2015 kuitaka Wizara ya Ulinzi ielekee kwenye ushambuliaji.

Mabishano yakala miaka. Bajeti iliyotangazwa Februari 2016 ikatoa jibu ambalo hakuna kambi iliyokuwa imeliomba: droni ya kubeba mafuta.

Wapo walioona huo ni uoga. Siwalaumu, maana ndege yenye umbo la siri kugeuzwa kuwa bowza ni kushuka cheo. Lakini hesabu ya sitaha inaitetea hatua hiyo. Super Hornet zilikuwa zikitumika zenyewe kuwapa mafuta wenzao, na kwa makadirio yaliyotajwa mara nyingi kazi hiyo ilikula kati ya asilimia 20 na 30 ya safari zao. Ndege ya kivita yenye rubani aliyesomeshwa miaka, inazunguka juu ya meli ikisubiri mwenye kiu. Mpe droni kazi hiyo na umerudisha ndege za kivita kwenye vita, umeongeza masafa ya zote, na hujagusa hata kidogo swali la nani anaruhusiwa kufyatua nini. Na tanki haihitaji kuchagua adui. Inahitaji kuwa mahali fulani, saa fulani, ikiwa thabiti.

Northrop Grumman, waliokuwa wa kwanza kuileta droni kwenye waya, walijitoa katika shindano hilo Oktoba 2017. Agosti 2018 Boeing wakapewa mkataba wa dola milioni 805 kwa ndege nne za mwanzo za MQ-25 Stingray, zinazotarajiwa kutoa takriban tani 6.8 za mafuta umbali wa kilomita 926 kutoka melini. Ndege ya majaribio iliruka Septemba 2019, na tarehe 4 Juni 2021 ikaipa Super Hornet mafuta angani, mara ya kwanza kwa droni kuilisha ndege nyingine. Tarehe ya kuingia kazini imesogezwa zaidi ya mara moja.

Urithi wa X-47B ulipita pia njia za pembeni. Kanuni ile ya kulinganisha vipimo vya setilaiti vya meli na vya ndege ndiyo iliyo ndani ya mfumo wa kuongoza utuaji uitwao JPALS, unaotumiwa na ndege za kivita za F-35C zenye marubani na kukusudiwa kwa MQ-25.

Mahali ambapo hakuna Wallops

Narudi kwenye kompyuta ile moja, kwa kuwa kisa hakijamalizika nayo. Kanuni ya 2013 ilikuwa rahisi kuandika kwa sababu ya jiografia. Majaribio yalifanyika nje ya Virginia, ufuo ukiwa karibu, na uwanja wa akiba umeshaandaliwa. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini siku ile kulikuwa na pengine pa kurejea.

Manowari ikiwa katikati ya Pasifiki hakuna uwanja wa akiba. Marubani wa majini huzijua siku hizo vizuri: ama sitaha ama bahari. Rubani mwenye hitilafu huko hapelekwi nchi kavu. Hupewa mafuta angani ili apate muda, huongozwa kwa sauti, na ikibidi hunyooshewa wavu mkubwa ukingame sitahani. Ikishindikana kabisa, huruka kwa mwavuli karibu na meli na helikopta humwokota. Kila hatua katika ngazi hiyo imewekwa ili kuokoa mtu.

Droni haina mtu wa kuokoa, na hilo linageuza hesabu yote. Kwa mantiki kavu, droni yenye shaka itumbukizwe baharini, maana sitaha ina thamani kuliko yenyewe. Sioni jinsi ya kulipinga hilo pale droni ikiwa peke yake. Lakini MQ-25 kwa kazi yake haitakuwa peke yake. Itakuwa kilomita mia kadhaa kutoka melini, na nyuma yake kutakuwa na ndege zenye watu zinazotegemea mafuta yake ili zifike nyumbani. Sehemu moja ya urambazaji wake ikiugua hapo, kuifukuza ni kuwafukuza na wao. Kuiruhusu iendelee kugawa mafuta ni kumwomba rubani asogee mita chache tu kutoka mashine inayosema yenyewe kwamba haina uhakika. Kuirudisha sitahani baada ya hapo ni kuikubali hatari ileile iliyokataliwa Julai 2013.

Kuna jibu la kati, nalo ni la gharama: mashine isitoe jibu la "mzima" au "mgonjwa" tu, bali iseme imeugua kwa kiasi gani na bado inaweza nini. Kugawa mafuta angani kunahitaji uthabiti wa aina moja, kunasa waya kunahitaji wa aina nyingine. Droni inayoweza kusema "naweza la kwanza, siwezi la pili" ina thamani mara mbili ya ile inayokimbilia uwanja wa akiba kwa kila kikohozi. Ila kuipima kwa uaminifu maana yake ni kuiharibu kwa makusudi, kipande kwa kipande, mbali na nchi kavu, na kuona itasema nini.

Meli ya George H. W. Bush ilifanyiwa majaribio ya kuisogeza MQ-25 sitahani Desemba 2021, na mwaka 2024 ikawa ya kwanza kuwekewa chumba maalumu cha kuendeshea droni hizo. Waendeshaji wanaandaliwa kama fani inayojitegemea, na kikosi cha kuwafunza, VUQ-10, kilianzishwa Oktoba 2022 Point Mugu, California. Hao ndio watakaokaa na ile orodha ya hitilafu mbele yao. Ningependa orodha hiyo ijazwe wakiwepo maofisa wa kuongoza utuaji na marubani wa Super Hornet, si waandishi wa programu na wanasheria peke yao, kwa sababu safu ya mwisho ya jedwali lile, inayosema nini kifanyike pasipokuwa na uwanja wa akiba, itawahusu wao kabla ya mtu mwingine yeyote.